Mtoto anaanza dei kea? Soma hapa kabla hujamtoroka getini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama kashuka kwenye bajaji, mtoto mgongoni, begi la pampasi begani, simu inaita. Anamshusha mtoto pale getini afu anamwambia "ona paka, ona paka yule!" Mtoto anageuka, kweli paka yupo juu ya ukuta, anamwangalia weee, akigeuka kumwonyesha mama yake, mama hayupo. Bajaji ishakata kona.

Yule mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Kwa karibu wiki mbili baada ya siku ile hakuwahi kuligeuzia geti mgongo. Ukimpa vikopo vya kuchezea, mikono inacheza ila macho yako getini, uji anakunywa huku anaangalia geti, ukimgeuza tu analia. Na akimwona paka ndo kabisa, anaangua kilio. Mama yake akaja kuniuliza, dada mbona mwanangu hachezi na wenzake, ikabidi nimweleze taratibu maana hakufanya kwa ubaya, karibu kila mzazi anafanya hivyo na mabibi ndo wanaofundisha: mtoroke tu, akishasahau atanyamaza. Sasa huyu hakusahau. Alichojifunza ni kwamba ukiangalia pembeni kidogo watu wako wanapotea, kwa hiyo akajipa kazi ya ulinzi, na mlinzi hawezi kucheza.

Mi ni mlezi, mwaka wa tisa huu, dei kea ya mtaani hapa Dar, nyumba ya kawaida tu yenye uzio na mwarobaini uani, watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu na kidogo. Nina watoto wangu pia na nimekosea kwa wangu kabla ya kujifunza kwa wa watu. Haya ninayoandika ni kwa mzazi anayetaka kumpeleka mtoto mdogo kituoni, ila na walezi wenzangu mkisoma sio mbaya.

Kwanza ujue kinachoendelea kichwani kwake

Mtoto wa miezi mitatu minne ukimpa mtu anayejua kubeba vizuri mara nyingi hana neno. Kuanzia kama miezi minane hivi mambo yanabadilika, anajua kabisa huyu mama huyu si mama, na anajua mama akitoka mlangoni yupo sehemu, ila hana uhakika kama atarudi. Hofu hiyo inapanda sana kati ya miezi 10 na 18 afu inashuka kidogo kidogo, wengi wakikaribia miaka mitatu imepungua. Sasa piga hesabu za kwetu. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, ukijifungua mapacha 100, baba anapewa siku 3 (siku tatu! hata kitovu hakijadondoka). Baada ya hapo sheria inakupa hadi masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha, kama bosi wako ni mtu wa sheria. Wengi wanajikongoja na dada wa kazi au bibi kaletwa kutoka kijijini, afu dada anaaga ghafla anaenda kwao harudi, bibi naye msimu wa kulima umefika, ndo mtoto analetwa dei kea ana mwaka, mwaka na nusu, yaani pale pale kwenye kilele cha hofu. Kwa hiyo akilia hajaharibika na wala hujamdekeza. Yuko kwenye umri wake.

Kuna watu ukiwaambia hivi wanakujibu hayo mambo ya kizungu. Haya basi. Yule mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye huwezi kusoma chochote kuhusu mtoto na mama yake bila kukutana na jina lake, kazi hii aliianzia Uganda mwaka 1954 na 1955, vijiji vya karibu na Kampala, anaingia kwenye nyumba za Waganda, familia 26, anakaa anaangalia watoto na mama zao. Matokeo akayachapisha 1967. Alichokiona hata wewe ukikaa uani nusu saa utakiona: mtoto anatambaa kufuata kitu, anageuka kuangalia mama yupo, anaendelea mbele, akishtuka anarudi mbio kushika gauni, akitulia anaondoka tena. Mama ndo kituo chake, anatokea pale anarudia pale, na mtoto mwenye pa kurudi ndo anathubutu kwenda mbali. Wamarekani wamekuja kupimwa baadaye.

Kwetu sisi hilo jambo ni la kawaida kwa sababu mtoto siku zote amekuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kumrudia, kuna bibi, shangazi, dada mkubwa, jirani. Dei kea inabidi iwe muendelezo wa hapo hapo. Kazi yake ya kwanza kwa mtoto wa umri huu ni kumpatia mtu wa kumkimbilia ukiwa haupo, hayo ma-A B C D yatakuja wakati wake na yakichelewa hayana shida. Ukilielewa hili tu, mengine yote chini unaweza kuyabuni mwenyewe.

Kutafuta kituo: nenda ukakae, usiende kuangalia rangi

Wazazi wengi wanakuja wanaangalia ukuta. Katuni zimechorwa, bembea ipo, sare nzuri, wanalipa. Mi nakwambia omba ukae nusu saa, saa nne asubuhi hivi muda wa uji, kaa kwenye kiti cha pembeni usiseme kitu. Kituo kikikataa kabisa mzazi asikae ndani hata hiyo nusu saa, ushapata jibu, nenda kwingine.

Ukikaa usiangalie watoto peke yao, angalia mtoto anapoanguka nini kinatokea. Nani anaenda? Anaenda au anapiga kelele kutoka alikokaa "amka, hujaumia"? Anachuchumaa wakaangaliana usoni au anamnyanyua kwa mkono mmoja kama mfuko wa sokoni? Angalia pia mtoto akiogopa anakimbilia wapi. Wewe mgeni umeingia, mtoto wa mwaka na nusu aliyezoea kituo atakukodolea macho kwanza, labda atajificha nyuma ya gauni la mlezi wake, afu baadaye ndo atakuja kuchungulia begi lako. Hiyo ni dalili nzuri sana. Ila ukiingia watoto kibao wakakurukia, nibebe nibebe, mikono juu, na wewe hawakujui kabisa, watu wengi wanafurahi wanasema wachangamfu hao. Mi nikiona hivyo nashtuka. Inaweza kuwa siku moja tu, inaweza kuwa watoto hawana mtu wao pale ndani kwa hiyo yeyote anayeingia ni bahati.

Uliza watoto wangapi kwa mlezi mmoja. Upate picha tu, Uingereza sheria inasema watoto wa chini ya miaka miwili mlezi mmoja asizidi watatu, na wa miaka miwili asizidi watano, hiyo tano wameilegeza 2023, kabla ilikuwa wanne. Sisi huku tukisema ukweli hizo namba hazifikiwi, ada ya mtaani hailipi walezi wote hao, ila ukikuta dada mmoja na vichwa ishirini vya chini ya miaka mitatu hapo hata angekuwa malaika hawezi, atakuwa anazima moto tu toka asubuhi.

Afu kuna swali ambalo hakuna anayeuliza: walezi hapa wanakaa muda gani? Kama kila baada ya miezi miwili kuna sura mpya, mtoto anamzoea mtu anaondoka, anamzoea mwingine anaondoka, mwisho anaacha kuzoea. Sio ukorofi kumuuliza mwenye kituo hilo, uliza kwa heshima tu. Leseni pia uliza, kituo kinatakiwa kusajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 na ukiwa na wasiwasi afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ndo mtu wa kumuuliza. Fimbo ukiiona juu ya kabati, hata wakisema ni ya kutishia tu, asante kwaheri. Na TV. Shirika la Afya Duniani, WHO, walishasema mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja TV hahitaji kabisa na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Kituo ambacho TV inawaka toka asubuhi mpaka jioni ndo imeajiriwa kuwa mlezi hapo.

Hapa niseme la kwangu. Wa kwanza wangu nilimpeleka mahali, sitataja, nilikuwa bado nafanya kazi dukani Kariakoo. Ana mwaka na miezi saba. Kila jioni naambiwa mtoto wako mtulivu jamani, hana shida, na mi nafurahi, najisifia hadi kwa mawifi. Siku moja jioni niko jikoni, kimya kimezidi, nachungulia sebuleni, namkuta kazipanga ndala zote za nyumbani mstari mmoja ukutani, yeye kasimama mbele na mwiko, anapita anazigonga moja moja, "shhh! nyamaza! kidole!" Nikasimama pale na kitunguu mkononi. Mnaijua ile ya kidole mdomoni, watoto wote wakae kimya mstarini kidole kimewekwa mdomoni mpaka mkubwa aseme. Ndo somo alilokuwa analipata pale siku nzima kumbe, na utulivu niliokuwa nausifia ndo huo. Tangu siku hiyo mtoto akirudi nyumbani namwangalia anavyocheza, watoto wa umri huu hawawezi kukusimulia lakini wanaigiza, mwache na midoli au ndala zako utaona siku ilivyokuwa.

Wiki ya kuzoea

Hii ndo sehemu wazazi wanaipita haraka na ndo yenye kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Usimlete mtoto Jumatatu saa kumi na mbili umwachie hadi saa kumi na moja jioni siku ya kwanza. Njoo naye siku mbili za mwanzo mkae wote kama saa moja. Kaa sehemu moja, kwenye kigoda, usimfuatefuate, usimsukume "nenda kacheze na wenzio", akikaa mapajani saa nzima sawa, anasoma mazingira. Mlezi atakuwa anakuja karibu, anaongea na wewe, mtoto anaona mama anacheka na huyu mtu, basi huyu mtu hana noma. Siku ya tatu toka dakika ishirini, uage kweli, urudi kweli. Siku ya nne ongeza, akae mpaka baada ya uji. Siku ya tano awe na usingizi wa mchana pale pale kama uji umeenda vizuri. Kuna watoto watataka wiki mbili, kuna wengine siku mbili wameshaanza kukufukuza.

Najua mtasema bosi hatoi ruhusa. Kweli. Basi anza kabla likizo haijaisha, au aje baba, au bibi, au yule dada anayeondoka aje nae siku zake za mwisho, mtu yeyote ambaye mtoto anamrudia. Kama kituo kinafungua Jumamosi tumia Jumamosi. Hata siku mbili ni bora kuliko bure.

Mlete na kanga yako. Ile uliyojifunga usiku, usiifue. Nasema tena usiifue maana kuna mama mmoja alileta kanga mpya kutoka dukani imekunjwa vizuri, mtoto akaitupa huko. Wanataka harufu. Tunaye mmoja hapa hawezi kulala bila kushika pindo la kanga ya mama yake analisugua sugua kwenye pua, na kanga yenyewe imeandikwa maneno ya kuwasema majirani, mtoto analala juu yake kwa amani kabisa. Walezi wenzangu, msimnyang'anye mtoto kanga mchana eti mkubwa sasa, ataiacha mwenyewe.

Sasa kuaga. Kuaga kuwe kufupi, dakika moja haifiki, na maneno yawe yale yale kila siku. Mwambie unaondoka na mwambie utarudi lini, ila usimwambie saa kumi na moja, saa kumi na moja kwake ni kitu gani? Mwambie kwa vitu anavyovijua: utakunywa uji, utalala, ukiamka mtacheza nje, afu mama anakuja. Kama utachelewa kwa foleni usimwahidi kuamka kwake, sema jioni kabisa, giza likianza. Afu mkabidhi mkononi kwa mtu, mlezi yule yule kama inawezekana, mtoto atoke kifuani kwako aingie kifuani kwake, asiachwe chini katikati ya uwanja. Atalia. Ondoka akiwa analia na amekuona unaondoka. Ukirudi dirishani kuchungulia akakuona, tunaanza upya na sasa kajifunza kulia ndo kunakurudisha. Wengi dakika chache ukishaondoka wanatulia, tuombe tukutumie mesej au picha WhatsApp ukiwa njiani, tunafanya, haisumbui. Pipi na juisi ya kuhonga kila asubuhi acheni, mnatuletea vita na wengine ishirini wasio na pipi.

Yule wa paka mama yake alibadilisha. Kila asubuhi anachuchumaa, "mama anaenda kazini, mama atarudi jioni", busu, anaingia kwenye bajaji mtoto anaona. Siku za kwanza alilia kuliko mwanzo hadi mama akanipigia anasema dada umeniharibia mtoto. Ilienda kama siku kumi hivi, asubuhi moja nafagia nikamwona kachuchumaa chini ya mwarobaini anachokonoa sisimizi kwa kijiti, mgongo wote umeangalia geti.

Unatakiwa kuwa na wasiwasi lini? Zikipita wiki tatu nne bado analia mchana kutwa, hali, hakai na mtu yeyote, hapo tukae tuongee, labda kituo, labda mlezi, labda anaumwa. Na usiwasahau wasiolia. Mtoto anayelia asubuhi mi simhofii, anajua anachokitaka na anakisema. Ninayemfuatilia ni yule anayeingia kimya anaenda kona anakaa, hana kilio hana kicheko, ukimchukua sawa ukimwacha sawa. Huyo ndo anahitaji kubebwa zaidi na ndo huyo huyo wanaomsahau kwa sababu hasumbui.

Kung'ata, kunyang'anyana, kujilaza chini

"Mwanangu kang'atwa!" Najua, inauma, na huyo aliyeng'ata mama yake kesho atalia pia kwa aibu. Watoto wa mwaka mmoja hadi miwili na nusu wanang'ata. Meno yanatoka, maneno hayajatosha, sehemu imebana, mwenzake kashika kikopo, mdomo ndo uko karibu. Kila mtu atakushauri mng'ate na wewe aone inavyouma. Hapana jamani, mtu mzima ukimng'ata mtoto umemfundisha kwamba hata wakubwa wanang'ata. Tunachofanya ni kwenda kwa aliyeumia kwanza, abembelezwe, maji ya baridi pale, mwenye meno anaona nani anapata huduma. Afu unashuka kwa aliyeng'ata, sentensi moja, "kung'ata kunaumiza, ukitaka kikopo sema nipe". Basi. Hotuba haisaidii, akili yake iliishia neno la tatu.

Kikubwa zaidi angalia SAA. Tulikuwa na mmoja, tukimwita Kibonge, anang'ata kila siku ya Mungu. Tukaanza kuandika kwenye daftari kang'ata saa ngapi, kang'ata nani. Kumbe karibu zote ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne, kabla ya uji, anatoka kwao saa kumi na moja alfajiri na chai ya haraka, ikifika muda ule njaa imemshika na wenzake wamejazana mlangoni wanasubiri. Tukauwahisha uji kwa nusu saa na tukaacha kuwapanga mlangoni. Akawa anapitisha hata wiki nzima bila kung'ata mtu. Hakuna mtu aliyemfundisha adabu, tulimlisha.

Kugawana. Mtoto chini ya miaka mitatu kumwambia "mgawie mwenzio" ni kama kuniambia mi niwagawie mshahara majirani. Mtafiti Mildred Parten tangu 1932 alionyesha kwamba wadogo wanacheza kwanza pembeni kwa pembeni, kila mtu na lake, na kucheza pamoja kwa kupangana kunakuja baadaye. Ukiwaona wawili wameketi mchanga mmoja kila mmoja anachota cha kwake hawaongei, usiseme hawapatani, huo ndo urafiki wa umri wao. Kwa hiyo kwenye kituo kizuri utakuta vikopo kumi vya aina moja vya plastiki vya mtindi, ni bora kuliko mdoli mmoja wa bei. Tunaanza na zamu: zamu yake, sasa zamu yako, na zamu iwe fupi sana.

Na ile ya kujirusha chini. Watu wanasema mtoto akililia wembe mpe. Nani kawahi kumpa kweli? Mtoto akililia wembe weka wembe mbali, afu kaa karibu na mtoto. Akishaanza kupiga miguu hakusikii, usimhubirie, usimwache peke yake chumbani pia, chuchumaa hapo, hakikisha hajigongi, sema kidogo, "umekasirika, nipo hapa". Ikipungua ndo umshike. Kumkubalia hasira si sawa na kumkubalia wembe, hivi ni vitu viwili.

Hapa kwenye maneno tuna utajiri na hatuutumii. Kiswahili kina kununa, kususa, kuzira, kudeka, kuona wivu, kuona haya, kuogopa, kuwa na hamu ya mtu. Kila moja ni kitu tofauti! Aliyenuna uso umekunjwa lakini uji anakunywa, aliyesusa hataki uji wenyewe kwa sababu kuna kitu kanyimwa, anayedeka anataka abembelezwe na wewe na si mwingine. Sisi kwa mtoto tunatumia maneno mawili tu, "mtundu" na "mbaya". Mwambie: umesusa eh, kwa sababu kikopo cha bluu kachukua mwenzio. Anakuangalia hivi... kama umemsomea barua yake. Baada ya miezi utamsikia mwenyewe anasema "nimesuta", herufi hazijakaa lakini kasema badala ya kurusha kopo. Na wanaume wadogo waacheni walie, mtoto ana miaka miwili unamwambia mwanaume halii, analia kwa sababu ana mdomo na hana maneno.

Samahani ya kulazimisha anaiimba tu kama kasuku. Mpe kazi, "mletee mwenzio kitambaa", "mpulizie mkono". Wa miaka miwili anaipenda kazi hiyo kweli, utamwona anakimbia. Shikamoo hivyo hivyo, amkia wewe mbele yake kila siku, akijificha nyuma ya kanga siku hiyo mwache, hajakosa adabu.

Jioni

Ukija kumchukua swali la kwanza la kila mzazi ni "amekula?" Sawa, amekula. Uliza na hili: leo alicheza karibu na nani, na alipolia nani alimbembeleza? Mlezi akijibu bila kufikiri, mtoto wako ana mtu. Na asubuhi tuambieni ya nyumbani, hakulala, baba kasafiri, mdogo wake kazaliwa, hata mmehama kitanda, msione aibu, sisi bila hayo tunakuwa tunabahatisha mtoto kachachamaa kwa nini.

Atakuona tu anaanza kulia au kujirusha, na mchana kutwa alikuwa poa. Wazazi wanahuzunika, wanasema ananichukia, au wanatuangalia sisi kwa jicho baya. Alikuwa anajikaza mama, kaja mwenye mzigo ndo anautua. Mbebe tu.

Simu iweke kwenye begi dakika kumi za kwanza. Hii nasema kwa uchungu maana naona kila siku, mtoto kakimbia kutoka uani mikono juu, mama anamchukua kwa mkono mmoja "eeh nakusikia bosi", mtoto anamshika kidevu amgeuze uso, anamgeuza tena, baadaye anaacha. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, miaka ya 1970 alifanya jaribio, mama anacheza na kichanga afu anaambiwa uso uwe mkavu dakika chache tu asijibu kitu. Kichanga kinatabasamu, kinanyoosha mkono, kinapiga kelele, mwisho kinageuza uso kinalegea. Getini kwetu linafanyika hilo jaribio kila saa kumi na moja jioni, bure.

Wale mnaojiuliza usiku kama mnawaumiza watoto kwa kuwapeleka: Marekani kuna utafiti mkubwa ulianza 1991, watoto zaidi ya 1,300 miji kumi, wakafuatwa miaka mingi. Mambo ya nyumbani, mama anavyomjibu mtoto wake, yalikuwa na uzito kuliko dei kea yenyewe. Ubora wa kituo nao ulionekana, na waliokaa kituoni masaa mengi sana ukorofi wao ulizidi kidogo. Kwa hiyo kama unaweza kumchukua saa tisa badala ya kumi na mbili, hata siku mbili kwa wiki, mchukue, na kama huwezi, hizo dakika kumi bila simu nazo si haba.

Mwisho, jiandae na likizo. Mtoto aliyezoea vizuri akikaa nyumbani wiki moja ya Idi au Krismasi, kwa bibi, binamu kibao, analala saa anayotaka, siku ya kurudi atalia kama siku ya kwanza na utadhani kazi yote imepotea. Haijapotea, mara nyingi siku mbili tatu amerudi kwenye mstari. Rudia tu kuaga kule kule, siku ya kwanza mchukue mapema ukiweza, na ile kanga mliyoisahau kwa bibi itumeni kwa basi hata kesho, maana usingizi wa mchana siku hiyo tunaulipia sisi.